Binti yangu ni mweusi, mkimbizi, Mwislamu na hasikii vizuri. Je, hatari zake ni mara nne?

Swali

Mtaalamu, salamu. Mimi ni mama Mkongo, mzaliwa wa Uvira. Tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi na sasa tuko Louisville, Kentucky. Binti yangu wa kwanza, Zuhura, ana miaka 15. Anavaa hijabu, na tangu utotoni hasikii vizuri. Tulipofika Marekani akapewa vifaa vya kusikia kwa masikio yote mawili. Mwezi uliopita shule iliniita ikanipa karatasi. Mkalimani alinisomea kwamba vijana walio katika kundi zaidi ya moja la watu wachache wako kwenye hatari kubwa zaidi ya huzuni, kujidhuru, bangi na mengineyo. Nimekaa nikahesabu: ni mweusi, ni mkimbizi, ni Mwislamu, ana ulemavu. Hatari yake ni mara nne? Siku hizi amekuwa kimya, anachukua sahani anakula chumbani, ukimuuliza anasema shule inamchosha. Mdogo wake Iddi, miaka 13, hataki hata kujibu kwa Kiswahili. Ndugu wananishauri nimpeleke Zuhura kwa bibi yake Bujumbura mwaka mmoja atulie. Nifanyeje? (Mama Zuhura)

Jibu

Mama Zuhura, salamu zako zimefika. Nianze na hiyo hesabu, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Hapana, si mara nne. Karatasi uliyosomewa haikusema uongo, ila ilizungumzia maelfu ya vijana kwa jumla, nawe ukaipokea kama taarifa ya mtoto mmoja unayemjua.

Takwimu nyingi za aina hiyo zinatokana na dodoso ambalo CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imekuwa ikiwapa wanafunzi wa sekondari kila baada ya miaka miwili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanafunzi hujaza mwenyewe darasani bila kuandika jina: umekunywa pombe siku 30 zilizopita? Umevuta bangi? Umewahi kufikiria kujiua? Mwaka 2023 wanafunzi 40 kati ya 100 walijibu kwamba walikuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hadi wakaacha mambo waliyozoea kuyafanya. Kwa wavulana walikuwa 28 kati ya 100, kwa wasichana 53. Ishirini kati ya mia walifikiria kwa dhati kujiua na tisa walijaribu. Hao ni watoto wote, wa rangi zote, matajiri kwa maskini. Kwa hiyo hata kabla hujataja ukimbizi wala hijabu, binti wa umri huo Marekani anasoma na wasichana wenzake ambao zaidi ya nusu yao wanasema wamezama kwenye huzuni. Hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi afungue macho.

Sasa angalia jinsi hesabu yako inavyokwama. Kwenye pombe na sigara, wanafunzi weusi wa Marekani kwa miaka mingi wameripoti kutumia kidogo kuliko wenzao wazungu. Utafiti mkubwa unaoitwa Add Health, ulioanza kufuatilia vijana mwaka wa masomo wa 1994 na 1995, uliona kwamba waliozaliwa nje ya Marekani walikuwa na tabia hatarishi chache kuliko waliozaliwa pale pale, na kwamba ulinzi huo ulififia kadiri familia ilivyozidi kukaa nchini. Na kijana aliyeshika dini, iwe Uislamu au Ukristo, kwa kawaida hunywa kidogo au hanywi kabisa. Kwa hiyo, kwenye pombe, vitu vitatu kati ya vinne ulivyovihesabu kama mizigo vinamvuta Zuhura upande wa usalama. Kwenye huzuni picha ni nyingine. Hakuna namba moja inayoitwa hatari, ambayo ungeweza kuizidisha.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi za namna hiyo hazisemi. Dodoso la CDC linauliza rangi, linauliza jinsia, linauliza kijana anavutiwa na nani. Haliulizi dini, wala haliulizi kama ulifika nchini kama mkimbizi. Kwenye kisanduku cha mweusi, Zuhura amewekwa pamoja na mtoto ambaye ukoo wake uko Kentucky tangu enzi za utumwa, pamoja na mtoto wa daktari wa Kinaijeria, pamoja na mtoto aliyefika juzi kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Wastani wa watu hao wote hauwezi kukueleza habari za mtu aliye chumbani kwako.

Je, basi tuitupe karatasi? Hapana. Ina jambo la kweli ndani yake, ila limesemwa vibaya.

Mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kesi ya wanawake watano weusi walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Walidai kwamba kiwandani kwao wanawake weusi hawakuajiriwa kabla ya 1964, na kazi zilipopunguzwa kwa kuwaondoa waliochelewa kuingia, wao wote wakatoka. Mahakama ikasema: kampuni iliajiri wanawake kwa miaka kadhaa kabla ya 1964, kwa hiyo hakuna ubaguzi wa jinsia. Wanawake hao walioajiriwa zamani walikuwa wazungu. Kama shida ni rangi, wajiunge na kesi nyingine ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa ikiendelea. Ila mwanamke na mweusi kwa pamoja, mahakama ilikataa kulisikiliza kama dai moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989, na hoja yake ndiyo iliyozaa utafiti huu wote wa vijana walio kwenye makundi mawili matatu kwa wakati mmoja. Alichoonyesha ni kwamba mtu anaweza kuumia pale pale makundi yanapokutana, huku kila kundi likipimwa peke yake likionekana halina tatizo.

Ndiyo maana ningekuomba uache kuhesabu makundi ya Zuhura. Tafuta mahali yanapopishana, na pale uulize nani anamwona mzima mzima.

Chukua sikio lake na lugha yake. Mtoto mzaliwa wa Kentucky asipoitika mwalimu anapomwita, mwalimu hufikiria masikio. Mtoto aliyetoka kambini asipoitika, mwalimu hufikiria Kiingereza. Anaongezewa vipindi vya Kiingereza, anasemeshwa polepole, tatizo la kusikia likiwa pale pale. Au huwa kinyume chake: ana vifaa masikioni, basi kila neno asilolielewa linahesabiwa kuwa ni la masikio, na hakuna anayekaa naye kumfundisha Kiingereza kile cha vitabu vya sayansi. Mtaalamu wa kusikia amefanya kazi yake vizuri, mwalimu wa lugha naye vizuri, na mtoto yuko katikati hajaguswa.

Na hapa niseme kuhusu lile neno alilokujibu, kwamba shule inamchosha. Wazazi wengi hulisikia kama uvivu wa ujana. Lakini mtoto asiyesikia vizuri hufanya kazi kubwa kuliko wenzake kwa saa sita au saba kila siku: anakisia nusu ya neno, anasoma midomo, anageuka kutafuta nani amesema, na yeye anafanya hayo katika lugha yake ya pili au ya tatu. Uchovu wa kusikiliza umechunguzwa sana kwa watoto kama hawa na ni uchovu wa kweli, wa mwili na akili. Akirudi nyumbani anakuta televisheni imewashwa, wadogo wanagombana, shangazi yuko kwenye simu na Uvira kwa sauti ya juu. Sahani anayoipeleka chumbani yaweza kuwa huzuni. Yaweza pia kuwa ni mtu anayetafuta kimya, basi. Nitakupa chini njia ya kutofautisha.

Hijabu na vifaa vya kusikia navyo vina ugomvi wao mdogo ambao sijaona ukiandikwa kwenye karatasi yoyote ya shule. Kifaa kinachokaa nyuma ya sikio kina kipaza sauti juu yake. Kitambaa kikikigusa, kila anapogeuza kichwa anasikia mkwaruzo, na kitambaa kizito kikikibana, kifaa kinaweza kuanza kupiga mluzi. Msichana wa miaka 15 ambaye kichwa chake kinapiga mluzi darasani atafanya moja kati ya mawili: atazima kifaa, au atasogeza hijabu na kuhisi ameivunja dini yake mbele ya watu. Ukimuuliza, huenda akakuambia tu kwamba vifaa havimsaidii. Siku mnayokwenda kwa mtaalamu wa kusikia, aende amevaa hijabu ile ile ya shuleni, kwa kitambaa kile kile, na vifaa vipimwe hivyo hivyo vikiwa ndani ya nguo. Kitambaa chepesi kilicholegezwa kidogo sikioni husaidia. Kipo pia kipaza sauti kidogo ambacho mwalimu hukivaa kifuani na sauti yake ikaenda moja kwa moja kwenye masikio ya mwanafunzi. Shule inaweza kukitoa. Ni marekebisho madogo, lakini hayajafanyika kwa sababu anayejua hijabu na anayejua vifaa hawajawahi kukaa chumba kimoja.

Endelea hivyo hivyo na sehemu nyingine za maisha yake. Msikitini wanawake mara nyingi husikia mawaidha kupitia spika, na sauti ya spika kwenye ukumbi mkubwa ni ngumu mno kwa mtu wa vifaa vya kusikia. Huenda amekaa darsa nzima hajapata kitu. Kwenye sherehe za Wakongo watu kumi huongea kwa pamoja. Asipoitikia salamu ya mkubwa ataambiwa ana majivuno. Wanafunzi wenzake weusi wa Kimarekani wanaweza kumcheka lafudhi na kumwita Mwafrika kwa dharau. Na wanafunzi viziwi wana lugha yao ya alama, yeye hajaifunza, na huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyevaa hijabu. Kila kundi lina nafasi ya robo yake. Robo tatu zinazobaki anazificha, na kazi ya kuficha haina mapumziko.

Hiyo kazi ya kujilinda siku nzima ndiyo inayougusa mwili na akili. Mtafiti Ilan Meyer aliieleza mwaka 2003 kwa kusema kwamba watu wa makundi ya wachache hubeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila binadamu: kubaguliwa, kutarajia kubaguliwa, na kujificha. Uweusi hausababishi sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa. Hijabu haisababishi. Kinachosababisha ni yanayomfika mtu kwa sababu ya rangi au hijabu hiyo. Dodoso la CDC la 2023 liliuliza pia kama mwanafunzi amewahi kutendewa vibaya shuleni kwa sababu ya rangi yake: karibu watatu kati ya kumi walisema ndiyo, na kwa weusi ilikaribia nusu. Waliosema ndiyo ndio walioripoti zaidi afya mbaya ya akili na mawazo ya kujiua. Tabia hatarishi mara nyingi huingia kwa mlango huo. Kijana ambaye hapati usingizi anaambiwa bangi inatuliza. Kijana ambaye hana meza ya kukaa wakati wa chakula cha mchana anakuta wanaovuta vepu, zile sigara za umeme, chooni hawamuulizi anatoka wapi.

Kuhusu Iddi, una haki ya kumuulizia pia, maana wavulana wetu husahaulika hadi siku polisi wanapopiga hodi. Kuna utafiti mmoja ninaourudia mara kwa mara kwa wazazi wa Afrika. B. Heidi Ellis na wenzake walichapisha mwaka 2010 matokeo ya vijana 135 wa Kisomali waliopokelewa Marekani kama wakimbizi. Kwa wasichana, walioshikamana zaidi na Usomali wao walikuwa na afya bora ya akili, na ubaguzi uliwaumiza kidogo. Kwa wavulana ikawa kinyume: waliozoea zaidi Umarekani ndio waliokuwa na nafuu. Vijana 135 ni wachache, na Msomali si Mkongo, kwa hiyo usiufanye msahafu. Lakini umenifanya nisiwe na haraka ya kuwaambia wazazi wamlazimishe kila mtoto arudi kwenye utamaduni kwa namna moja. Mtoto wa kiume mweusi hapo barabarani haonekani kama Mkongo. Anaonekana kama Mmarekani mweusi, na wavulana weusi, kuanzia umri wa miaka kumi hivi, wamethibitishwa kwenye tafiti kuonwa kuwa wakubwa kuliko umri wao na wenye hatia zaidi. Iddi anajifunza haraka jinsi ya kuishi na jicho hilo. Akikujibu kwa Kiingereza, wewe endelea kumsemesha Kiswahili bila kumgombeza. Anakielewa. Kitarudi, au kitarudi nusu. Ugomvi juu ya lugha mezani unakugharimu kitu cha thamani zaidi, yaani mtoto kukuambia mambo.

Maana hicho ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Mwaka 1997 Michael Resnick na wenzake walichambua majibu ya vijana zaidi ya 12,000 wa Add Health wakitafuta kinachowakinga. Kijana aliyehisi yuko karibu na wazazi wake, na kijana aliyehisi ni wa shule yake, wote walikuwa na unafuu kwenye karibu kila kitu kilichopimwa: huzuni, mawazo ya kujiua, ukatili, sigara, pombe, bangi. Ni matokeo ya zamani sasa, na yamezidi kuonekana katika tafiti zilizofuata.

Kwako wewe ukaribu huo una kizuizi kimoja ambacho mzazi Mmarekani hana. Nadhani Zuhura ndiye anayekwenda nawe kliniki kukutafsiria. Watoto wengi wa wakimbizi hufanya hivyo, na wapo wanaojivunia. Lakini fikiria siku daktari anapotoa fomu ya vijana na kuuliza: katika wiki mbili zilizopita, umewahi kuona ni afadhali ungekuwa umekufa? Swali linamwendea Zuhura kwa Kiingereza. Wewe unamgeukia: kasema nini? Na yeye, mwenye jibu, ndiye anayechagua uambiwe nini. Atakuambia daktari anauliza kama nalala vizuri. Sheria ya afya ya 2010, kwenye kifungu cha 1557, inazizuia hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Omba mkalimani wakati unapanga miadi, si siku ya kufika, hulipii. Unaweza kuomba asiwe mtu wa jumuiya yenu, maana najua hofu ya siri za nyumba kufika harusini. Kisha mruhusu Zuhura abaki dakika kumi na daktari peke yake. Hilo linawaumiza wazazi wetu, wanaona kama wametolewa nje ya maisha ya mtoto wao. Ukweli ni kwamba kijana akijua ana sehemu ya kusema, mara nyingi baadaye humwambia na mama.

Nililigusia dodoso linalouliza kijana anavutiwa na nani. Sitalipita, hata kama wapo watakaokunja uso, kwa sababu huko ndiko utafiti wa makundi yanayopishana ulikokusanya ushahidi mwingi zaidi. Mwaka 2023, vijana wanaovutiwa na jinsia yao au ambao jinsia yao haifuati ile waliyozaliwa nayo waliripoti huzuni ya kudumu kwa 65 kati ya 100, na 20 kati ya 100 walijaribu kujiua katika mwaka mmoja. Wakiwa pia weusi au watoto wa wahamiaji, mara nyingi nyumba na msikiti au kanisa, ambavyo vingewakinga na ubaguzi wa rangi huko nje, ndivyo vinavyowafukuza. Caitlin Ryan wa San Francisco na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nane wa kuwa wamejaribu kujiua, kulinganisha na waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa. Sisemi Zuhura ni mmoja wao. Nasema mzazi yeyote anayesoma hapa anaweza kuwa naye bila kujua, na mzazi anaweza kubaki na imani yake yote na bado akaacha matusi, kipigo na kufukuza.

Turudi kwako. Njia ya kutofautisha uchovu na sonona ni kumpa mapumziko kisha ukatazama. Wiki mbili tatu, akirudi shule apate saa moja ya kimya, bila vifaa masikioni kama anapenda, bila kutumwa. Jumamosi akiwa amepumzika, je, anacheka? Anataka kwenda anakopenda? Anakula? Kama uchovu ndio uliokuwa ukimla, utaona mtu akirudi. Kama Jumamosi nayo ni giza, halali au analala mchana kutwa, ameacha hata vitu alivyovipenda, anasema yeye ni mzigo, basi usingoje wiki ziishe.

Na umuulize wazi. Zuhura, umewahi kufikiria kujiua? Kwa Kiswahili, mkiwa wawili, ukikaa mbele yake ili auone mdomo wako. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo, hilo limechunguzwa. Akisema ndiyo, usilie kwanza na usimkemee kwa dini. Muulize kama ana mpango. Dawa zote za nyumbani zifungiwe, hata za homa, na kama kuna bunduki nyumbani au kwa jirani anakoshinda, iondoke. Namba 988 hupigwa saa 24 Marekani nzima na unaweza kuomba mkalimani. Kwa yeye mwenyewe, kuandika ujumbe kwa namba hiyo hiyo ni rahisi kuliko kusikiliza simu. Kama ameshachukua hatua, ni 911 au chumba cha dharura.

Shuleni, omba kwa maandishi mkutano wa mpango wake wa elimu, ule wanaouita IEP. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu inaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa yanayosemwa mkutanoni, pamoja na kumwekea mkalimani. Sharti lako moja kwenye mkutano huo liwe hili: mtaalamu wa kusikia, mwalimu wa Kiingereza na mshauri wa shule wakae meza moja, saa moja. Usikubali kuwaona mmoja mmoja kwa siku tofauti, maana hapo ndipo binti yako anapopotelea. Waulize nani ana jukumu la kuhakikisha vifaa vinafanya kazi kila asubuhi. Waulize akae wapi darasani, na kama video za masomo zina maandishi. Waulize anakula na nani mchana. Hilo la mwisho wataona ni dogo, lakini ningeanza nalo.

Ukiweza mtafutie pia mtu mzima mmoja anayefanana naye zaidi ya mara moja: mwanamke Mwislamu asiyesikia vizuri, au Mwafrika aliyekulia hapo akiwa na vifaa. Mtandaoni wapo, na kliniki kubwa za kusikia huwa zinawajua. Anayefanana naye kwa yote manne hutampata, na hahitajiki. Wawili watatu wanaogusa pembe mbili mbili wanatosha.

Sasa Bujumbura. Ndugu zako wana nia njema, na kwa mtoto mwingine likizo ya mwezi mmoja kwa bibi ingeweza kuwa dawa. Kwa Zuhura, mwaka mzima naona ni kosa. Atakosa mtaalamu wa kurekebisha vifaa na atakosa betri au sehemu zikiharibika. Shule itakuwa ya Kifaransa na Kirundi, lugha ambazo hana masikio ya kuzianza upya. Na kitu pekee kitakachokuwa kimemwondokea ni ubaguzi wa rangi. Kisha kuna karatasi. Kama bado hajapata uraia, kukaa nje mwaka au zaidi bila kibali cha kurudi kunaweza kumpotezea ukaaji wake, na mkimbizi hapaswi kusafiri kwa pasi ya nchi aliyoikimbia. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji wa shirika lililowapokea kabla hujanunua tiketi yoyote, hata ya wiki tatu. Bibi apigiwe kwa video, jioni ya Jumapili, Zuhura akiwa peke yake chumbani na sauti ya simu ikiingia moja kwa moja kwenye vifaa vyake. Vingi vya siku hizi vinaunganishwa na simu, na mtaalamu wa kusikia atamwonyesha kwa dakika tano.